Samaki wa Mgeni

Askari wa mpakani aliandika neno "mgeni" kwenye daftari lake, na hapo ndipo Honorine Sambou alipoanza kukasirika.

"Mgeni nani?" akauliza.

"Wewe, mama. Unatoka Guinea-Bissau, unaingia Senegal. Unakwenda kutembea."

"Kijana, unauona ule msufi kule ng'ambo ya mikoko? Kitovu changu kimezikwa pale. Wewe kwenu wapi?"

"Kaolack, mama."

"Basi mgeni ni wewe. Jiandike."

Askari wenzake wakacheka mpaka mmoja akajishika tumbo. Kijana naye akacheka. Akafunika kalamu, akachukua kikapu cha Honorine, akamshika mkono kwenye matope yanayoteleza mpaka mtumbwini. Alipomketisha alikunguta hata majani yaliyomnasa kwenye kanga. Honorine akaliona hilo. Kijana amelelewa, akasema moyoni. Lakini lile neno lilikuwa limeshaandikwa, na alivuka mkono mzima wa bahari akiwa amelifumbia mdomo kama mtu aliyetafuna ndimu.

Alikuwa na miaka sitini na minne. Arobaini na mmoja kati ya hiyo ameishi Egeli, upande wa pili wa mpaka, kwa mumewe. Kila mwaka alirudi kwao Kanjuta baada ya mavuno, watu wakiwa wamepumzika na maghala yamejaa. Safari hii hakusubiri. Mwezi wa sita alikuja kumzika mdogo wake, Maurice, na siku ya maziko kaka zake Agathe, mjane wa Maurice, walisema mbele ya watu wote: "Tunampa dada yetu msimu mmoja. Tukija baada ya mavuno tukakuta hawezi kujilisha, tunaondoka naye." Hawakusema zaidi, wala haikuhitajika. Mama angeondoka, watoto wawili, kwa kuwa ni wa ukoo wa Sambou, wangebaki.

Agathe siku ile alikuwa ameinama, mtoto mdogo amemlalia mapajani. Hakuinua uso. Honorine alilala na picha ile miezi minne. Ndiyo maana mvua ilipoanza kuchoka, ikija siku moja na kukosa tatu, alimwambia mumewe, "Wewe na wanao mtawafukuza ndege wenyewe. Mimi nakwenda kumwona wifi yangu."

Kanjuta ilimpokea vizuri, huwezi kusema vinginevyo. Mdogo wake mwingine, Fulbert, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, alimfuata mpaka gatini. Mkewe Tekla alikuwa amefagia uwanja mzima. Maji ya kuoga yalikuwa ya moto, na kwenye kitanda alichotandikiwa kulikuwa na mkeka mpya ambao Honorine aliujua: ulikuwa wa Agathe, wa harusi yake. Agathe mwenyewe alitoka chumbani mwake na nguo yake nyeusi ya eda, akapiga goti, akamkumbatia wifi yake mtu mzima bila kulia.

"Umekonda, wifi," akasema Honorine.

"Wewe umenenepa, kwa hiyo tuko sawa," akasema Agathe, na Honorine akafurahi kusikia kwamba utani haujamfia.

Kisha chakula kikaletwa. Samaki! Perege wa majarubani, wale wanaoingia na mvua wakiwa wadogo kama punje, wakanona msimu mzima katikati ya mpunga. Walipikwa kwa ndimu, vitunguu na pilipili, mawese yakielea juu. Egeli samaki hao hawaliwi mpaka Novemba, mpunga ukishakauka. Honorine alikuwa na uchu nao kuliko alivyopenda watu wajue.

"Nimewatega kwa mikono yangu, dada," akasema Fulbert, akimmiminia tembo. "Jana. Nilisema, dada yangu hawezi kuingia kwa baba yake akala dagaa wakavu."

"Mungu akuzidishie," akasema Honorine.

Agathe ndiye aliyempakulia. Alimwekea vichwa viwili, kwa sababu alikumbuka kwamba Honorine hupenda kichwa.

"Na wewe?"

"Nimeshakula, wifi. Kula."

Honorine akala. Akanyonya mifupa, akalamba vidole, akashukuru. Alipoinama kunawa aliona miguu ya Agathe. Ilikuwa na weupe mpaka magotini, kama ya mtu aliyekanyaga majivu. Akataka kuuliza, lakini Tekla alikuwa anamuuliza habari za Egeli, na swali likapotea.

Asubuhi alitoka peke yake kwenda kuangalia mashamba. Anga lilikuwa limeoshwa, halina hata wingu la kuonyesha. Njiani ukungu ulitoka kwenye udongo, kereng'ende walijaa juu ya maji, na majaruba ya juu, karibu na nyumba, yalikuwa yameshaanza kuiva. Mpunga uliinamisha masuke. Jaruba la Kisima, lililo bora kuliko yote ya nyumba ile, lilikuwa la njano kabisa. Juma moja tu, na kisu kingeingia.

Majaruba ya Agathe yalikuwa ya mwisho kule chini, yanapakana na mikoko, yametenganishwa na maji ya chumvi na tuta kubwa ambalo babu zao walilijenga. Huko mpunga ulikuwa bado kijani. Agathe alikuwa amesimama katikati yake, maji yakimfika chini ya magoti. Aliinama, akachovya kidole, akakitia mdomoni.

"Unafanya nini, wifi?" Honorine akaita kutoka juu ya tuta.

Agathe akashtuka. "Naangalia ndege."

"Ndege unawaangalia kwa ulimi?"

Honorine akavua kandambili, akafunga kanga, akashuka. Akachovya kidole chake mwenyewe.

Chumvi.

Si ile chumvi ya mbali inayopenya tuta likichoka. Ilikuwa chumvi ya bahari, kali, ya kutia kwenye mchuzi. Akavunja suke moja, akaminya punje. Maziwa yakatoka. Kila mtoto wa Kanjuta anajua kwamba mpunga wenye maziwa ukinywa chumvi hauna dawa ila mvua kubwa. Wote wawili wakainua macho, wakaliona lile anga safi, wakayashusha.

"Tangu lini?"

"Si kitu, wifi. Labda mvua itarudi."

"Agathe. Tangu lini?"

"Usiku wa kuamkia jana."

Honorine akageuka kuliangalia tuta. Katika tuta lile kuna gogo la mvumo lililotobolewa katikati, ndio mlango wa maji. Kwa ndani huzibwa kwa kizibo cha matope na majani. Mpunga wa kila mtu ukishakauka, mkubwa wa nyumba huwaarifu wenye majaruba yote, mmoja mmoja, ndipo hukitoa. Maji ya mvua huteremka na samaki huingia kwenye dema, mtego wa kusukwa. Sasa kizibo cha zamani kilikuwa kimesambaratika, mabonge yake yametawanyika. Kingine, cha haraka haraka, kilikuwa kimekandikwa juu yake asubuhi ya jana. Na pembeni, kwenye mizizi ya mkoko, dema la Fulbert lilikuwa limeegeshwa, bado bichi.

Hakuhitaji kuelezwa. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ilikuwa juzi. Fulbert alifungua mchana maji ya bahari yakiwa yametoka, akapata samaki wake, akarudisha kizibo juujuu akawahi tembo lake. Usiku bahari ikaja na nguvu zake zote, ikakipiga teke, ikaingia.

"Alikwambia kwamba anafungua?"

"Yeye ndiye mkubwa wa nyumba, wifi."

"Sijauliza ukubwa wake. Nimeuliza kama alikwambia."

"Hakuniambia."

"Na jana," akasema Honorine polepole, maana jambo lilikuwa linamfika sehemu kwa sehemu, "jana mchana ulikuwa unajua. Umetoka hapa na miguu yako ya chumvi. Ukanipakulia. Ukaniwekea vichwa viwili."

"Ulikuwa umetoka safari ndefu," akasema Agathe. "Ningekuharibia chakula?"

Hapo Honorine alipata hasira ambayo hakuwahi kuipata tangu alipozaliwa. Ilianzia tumboni, palepale walipokaa wale samaki. Wangekuwa wameibwa asingekasirika vile. Lakini kutendewa wema na mtu aliyedhulumiwa kwa ajili yako, na wewe unalamba vidole! Akamshika Agathe mkono kwa nguvu, akauachia, akapanda tuta. Kandambili alizisahau.

Nyumbani Tekla alikuwa anatwanga. Alipomwona wifi yake anarudi mashambani akaacha mchi, akachota maji kwenye mtungi, akayaleta kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu anayetoka shamba.

"Sinywi," akasema Honorine.

Tekla akabaki na kata mkononi. Binti wa nyumba, aliyezaliwa hapo na kuolewa mbali, akikataa maji ya kwa baba yake, hiyo si kiu iliyoisha. Hiyo ni kesi. Fulbert, aliyekuwa anasuka kitanzi cha kukwelea michikichi, akainua kichwa.

"Kuna nini, dada?"

"Kuna chumvi. Nimeionja."

"Ah," akasema Fulbert. Akaangalia kitanzi chake. "Ile ni bahati mbaya. Bamvua mwaka huu imekuwa kubwa."

"Bamvua imekuja na mikono ikatoa kizibo?"

"Nilitoa mimi, lakini nilirudisha. Na nilifanya kwa heshima yako, dada. Desturi ni desturi. Samaki wa kwanza ni wa mgeni."

"Mgeni!" Honorine alipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Jana askari ameniita mgeni, nikasema huyu mtoto wa watu hajui. Wewe uliyenyonya ziwa lililoninyonyesha mimi, wewe uliyebebwa mgongoni kwangu ukanikojolea, mimi ni mgeni wako? Na kama ni mgeni, tangu lini mgeni wa nyumba hii analishwa mpunga wa mjane?"

"Ni samaki, si mpunga."

"Nimekula mpunga wake, Fulbert! Nimekula wa mwaka mzima kwa mlo mmoja!"

"Basi angepanda mapema kama wenzake," akasema Fulbert, na naye sasa sauti imepanda. "Mpunga wa Tekla umeumia? Haukuumia. Umekauka. Wake bado una maziwa, kosa la nani?"

Tekla alifunga macho, kama mtu anayeona mtungi unaanguka na yuko mbali.

"Nani alimlimia?" akauliza Honorine. Sasa hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwanamke halimi jaruba, anapandikiza. Jembe ni la mwanamume. Mumewe yuko kaburini. Nani alimlimia, na lini?"

Fulbert akarudia kuvuta kamba ya kitanzi chake.

"Wa mwisho," akasema Honorine. "Ulimlimia wa mwisho, baada ya kila mtu. Ukamchelewesha, kisha ukamfungulia bahari, kisha ukamwambia angepanda mapema. Na vyote hivyo umevifunga kwenye jani moja ukaandika jina langu juu. Sinywi maji yako."

Akatoka akakaa kwenye mlango wa uwanja, juu ya kinu kilichopinduliwa.

Habari katika Kanjuta haihitaji miguu. Kabla jua halijapanda sana alikuja Sabina, binti ya baba yao mdogo, aliyeolewa mtaa wa pili, mwembamba kama ufito na mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa. Alikuja na kibuyu cha maji kutoka kwake, akamnywesha Honorine, kisha akakaa. Nyuma yake wakaja mabinti wengine watatu wa nyumba ile, kila mmoja na kigoda chake. Hakuna mwanamume aliyewapita mlangoni. Waliokuwa na shughuli walizunguka nyuma kwenye mihogo.

"Fulbert!" akaita Sabina. "Tumesikia sasa unafuga samaki kwenye mpunga wa mjane. Mbona hukutualika? Au ni lazima tuvuke mpaka ndiyo tulishwe heshima?"

"Dada Sabina, nyamaza."

"Ninyamaze wapi, nimezaliwa kwenye chumba hicho unachovulia suruali. Toka huko. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unavuta kizibo cha mtungi wa tembo la baba, unalamba, unarudisha upande. Tukasema atakua. Lo! Amekua, amehamia kwenye tuta."

Wanawake wakacheka. Honorine hakucheka. Fulbert akatoka, akasimama mbele yao kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, mtu mwenye mvi na wajukuu wawili.

"Mnataka nini?"

"Kaka zake Agathe wakija wakute anajilisha," akasema Honorine. "Nataka Jaruba la Kisima. Likiiva, akate yeye."

"Jaruba la Kisima ni la Tekla," akasema Fulbert haraka. "Mimi nimelilima, lakini amelipandikiza yeye, kwa mgongo wake. Unataka kumnyang'anya mwanamke mmoja umpe mwingine? Hiyo ndiyo haki mliyokuja nayo?"

Na ilikuwa kweli. Hasira yake ilikuwa imekimbia mbio ndefu bila kujikwaa, na sasa imekutana na jiwe. Hakutaka kumdhulumu Tekla, aliyemfagilia uwanja. Sabina akaangalia kibuyu chake.

Tekla alikuwa bado amesimama karibu na kinu chake. Akajifuta mikono.

"Wale samaki niliwapika mimi," akasema. Hakumtazama mtu. "Jana asubuhi nilikwenda kuchuma ndimu, nikamwona Agathe kule chini amesimama kwenye maji, anajishika kichwa. Nikajua. Nikarudi nikaendelea kukata vitunguu. Nilisema, nikisema kitu leo, mume wangu ataaibika mbele ya dada yake. Kwa hiyo nilikata vitunguu." Akasimamisha mchi kwenye kinu. "Nusu ya jaruba. Siwezi lote, nina watoto watano. Lakini mtu asije akasema nimenyang'anywa. Nimetoa mwenyewe."

Honorine akasimama. Akamwendea, akachukua mikono yake, ile yenye harufu ya pumba, akaishika tu.

"Na huyu naye atoe," akasema Tekla, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Ghala lako, Fulbert," akasema Honorine, "hatuulizi lina nini. Ghala la mtu halichunguliwi, na mimi sitavunja hilo. Utaingia mwenyewe, utatoa unachoona kinatosha, na hakuna atakayehesabu. Lakini mimi nitakutazama usoni ukitoka."

"Na wewe?" akauliza Fulbert kwa uchungu. "Wewe uliyekula?"

"Mimi niliyekula vichwa viwili nitatoa kwangu Egeli. Mume wangu atavusha mwenyewe kwa mtumbwi kabla ya Noeli. Ulidhani nitajisahau?"

Siku ile ile alituma ujumbe Egeli kwamba hatarudi upesi. Jibu likaja siku ya pili na mwanamke muuza chaza: mumewe anasema ndege wameshajua kwamba mama hayupo, wanakula kwa raha, lakini akae, amalize. Honorine akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo yalikuwa mengi.

Akakaa. Mvua haikurudi. Mpunga wa Agathe ulianza kuwa mweupe kwenye ncha, kisha masuke yakasimama wima, makavu, mepesi, bila kitu ndani. Kila asubuhi Agathe alikwenda kuyaangalia, na kila asubuhi Honorine alikwenda naye, ili asiyaangalie peke yake. Jaruba la Kisima lilipoiva, walishuka wanne: Tekla, Agathe, Sabina na Honorine, kila mmoja na kisu chake kidogo kimefichwa kiganjani, wakakata suke baada ya suke. Tekla aliweka ufito katikati, huku kwangu, huku kwako. Honorine aliona jinsi ufito ule ulivyokuwa ukisogea kidogo kidogo, na si Tekla aliyekuwa anaongezewa. Akajifanya haoni.

Fulbert alitoa kwenye ghala lake mizigo ya mpunga wa zamani, akaipanga kwenye ukumbi. Honorine akamtazama usoni kama alivyoahidi. Uso ulikuwa wa mtu aliyetoa mpaka ikamuuma. Sawa. Akaenda pia kulijenga upya tuta pale penye gogo, akachonga kizibo kipya cha mti mzima. Alifanya yote. Lakini hakusema kwamba amekosa. Alipokutana na Agathe uwanjani alisalimia, akapita. Jioni akikaa na wanaume alisikika akisema, "Wanawake wa nyumba yetu wamenionea, lakini nilifanya kwa heshima ya dada."

Kwa hiyo Honorine aliendelea kunywa maji ya Sabina. Siku tano, sita, nane. Kila asubuhi Tekla alileta kata, kila asubuhi alisema, "Sinywi, mke wa ndugu yangu. Si wewe." Watu wakaanza kusema kwamba mama huyu sasa anazidisha, mpunga si umetolewa? Hata Agathe akamwambia, "Wifi, yaishe. Mimi nimesamehe."

"Umesamehe nini?" akasema Honorine. "Kwani kuna mtu amekuomba?"

Siku ya tisa kaka zake Agathe wakaja. Hawakusubiri mwisho wa mavuno. Habari ya chumvi ilikuwa imewafikia. Walikuwa wawili, watu wazima, wapole, na huo upole ndio uliomtisha Honorine. Walikalishwa ukumbini, wakapewa maji na tembo. Mkubwa akaanza.

"Tumesikia majaruba ya dada yetu yamekufa."

"Mmesikia," akasema Fulbert.

"Hatukuja kulaumu. Sisi tulijua. Agathe tangu utoto si mtu wa shamba, ana mwili mdogo. Amechelewa kupanda, hakulinda maji yake, haya ndiyo yametokea. Si kosa lenu. Tunaona afadhali tumchukue, apumzike. Watoto wenu mtawalea vizuri, tunajua."

Agathe alikuwa anatoka mlangoni kwake na mzigo wa mpunga kichwani, anaelekea ngazi ya ghala lake. Akasimama papo hapo. Mtoto wake mdogo alikuwa ameshika ncha ya nguo nyeusi.

Honorine alihisi damu inapanda masikioni. Hakulinda maji yake! Akainua mkono, tayari kusema mambo ambayo yangekumbukwa Kanjuta kizazi kizima. Sabina, aliyekuwa ameketi pembeni, alipomwona aliweka tembo lake chini.

Lakini Fulbert alikohoa.

"Hapana," akasema. Akawa anaangalia sakafu. "Hakuchelewa. Nilimchelewesha mimi. Nililima yetu kwanza, yake nikayaacha mwisho. Na maji aliyalinda. Mlango wa maji niliufungua mimi, kwa ajili ya samaki. Sikumwambia." Ilionekana anataka kuishia hapo. Kisha akageuka kwenye kiti, akamtazama Agathe, kwa mara ya kwanza tangu bamvua. "Sikukwambia, shemeji. Nilipaswa kukwambia. Nimekosa."

Kaka mkubwa wa Agathe akamtazama mwenzake. Tekla akaingia ndani ghafla, kama anafuata kitu, na hakuwa anafuata kitu.

"Basi mwaka huu atakula nini?" akauliza mkubwa.

Hakuna aliyemjibu kwa mdomo. Agathe akapanda ngazi na mzigo wake, akafungua kimlango cha ghala, akaingiza mpunga. Akashuka, akachukua mwingine ukumbini, miguuni pa kaka zake, akapanda tena. Wao waliinamisha vichwa wakaangalia vidole vya miguu yao, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mwanamke anapofungua ghala lake. Hawakuona ndani, wala hawakutaka kuona. Lakini walisikia: mzigo ukitua juu ya mizigo mingine, sauti nzito, isiyo ya ghala tupu. Akashuka. Akapanda. Mtoto mdogo akawa anambebea masuke yaliyodondoka, moja moja.

Mkubwa akamaliza tembo lake.

"Mzigo huu unanukia mpunga mzuri," akasema. Akasimama. "Agathe, mama anakusalimu. Anasema umtumie mtoto siku ya Noeli, amwone, kisha utamfuata."

"Tutakuja wote watatu," akasema Agathe akiwa ngazini. "Na tutarudi wote watatu."

Walipoondoka, Fulbert alikwenda mwenyewe kwenye mtungi. Hakumwita mkewe wala mtoto. Akachota maji kwa kata, akayaleta kwa mikono miwili, akasimama mbele ya dada yake aliyeketi kwenye kinu kilekile.

Honorine akayaangalia. Akachovya kidole, akakitia mdomoni, akaonja polepole, huku Sabina ameanza kutetemeka mabega kwa kicheko.

"Hayana chumvi," akasema.

Akanywa yote, maana siku tisa ni nyingi. Kisha akamrudishia kata.

"Mwakani nitakuja wakati huuhuu, mvua ikichoka," akasema. "Na utakuwa umemlimia wa kwanza. Nitakula dagaa wakavu, Fulbert. Umesikia? Dagaa wakavu."